Karatasi ya Mwenzi

Iko ndani ya debe la mbegu, imekunjwa mara nne,
rangi ya waridi, na muhuri wa kituo cha afya Kibaigwa.
Jina halikuandikwa. Nesi Nyemo alisema
jina nitalijaza mwenyewe, kwa mdomo,
usiku nitakaoona unafaa.

Sijauona bado.

Lameki anapakia mahindi sokoni.
Gunia mgongoni, gunia mgongoni, tangu alfajiri
mpaka lori la mwisho lishike njia ya Morogoro.
Akirudi ana pumba hata kwenye kope,
anakula ugali wa uwele na mlenda, kimya,
halafu ananiita lile jina la utani la mwaka nilioolewa.
Hapo nani angetoa karatasi?

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mkojo uliokuwa ukiniunguza.
Basi. Nilidhani ni maji ya lambo.
Nesi akavaa glovu, akawasha tochi,
akasema mna kidonda, ndani,
mahali ambapo kioo changu cha ukutani hakina habari napo.
"Mbona hakiumi?"
"Hakiumi," akasema. "Ndiyo maana bado kipo."

Damu ikapimwa. Virusi vya Ukimwi: hamna.
Nikajifunga kitenge haraka, nikamshukuru Mungu barabarani.
Akanishika kiwiko. "Peresi, keti.
Nyumba yenu ya bati au ya tembe?"
"Tembe."
"Hukandika nani?"
"Mimi."

Basi hakuhitaji maneno mengi.
Ufa naujua. Huanza Oktoba, jua likipiga,
unywele mmoja tu kwenye udongo wa paa,
na haudondoshi kitu, kwani mvua iko wapi?
Unalala chini yake. Unausahau.
Mvua ya Desemba haibomoi nyumba.
Inaingia palipokwisha kufunguka.

Ila kuna jambo alilosema ambalo udongo hauna.
Mwili, penye jeraha, huita askari wake.
Wanakuja mbio, wanasongamana mlangoni, wanalinda.
Na yule mdudu akifika
hatafuti ng'ombe, hatafuti ghala la mtama.
Anatafuta askari.
Ndani yao ndimo anamozalia.
Nilitembea na hilo mpaka nyumbani:
mlango wangu ulijaa walinzi
na kwa sababu hiyo ulikuwa wazi zaidi.

Sindano mbili, moja kila upande.
Nikachechemea, nikamwambia Lameki nimeteguka kisimani.
Vidonge vya siku saba nilimeza nikiwa napepeta,
mashangingi wa mama mkwe wakinitazama wakidhani ni mimba.
Nikapona.
Shida ni kwamba nimepona peke yangu.
Nimekandika upande mmoja wa ukuta.

Kilitoka kwake? Kwangu, kwenye miaka ile ya Gairo
ambayo naye hajaniuliza?
Nesi alisema swali hilo halijawahi kumtibu mtu.
Akanipa kondomu pia, pakiti tatu.
Nazo zimo deboni, chini ya mbegu,
nikijua kwamba debe hilo hufunguliwa na Lameki,
yeye mwenyewe, mvua ya kwanza ikinyesha.
Nilitaka mvua iniseme.

Tangu mchana wingu limesimama upande wa Kongwa,
zito, na upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa mbali.
Jirani anapanda juu ya tembe lake na sufuria ya udongo.
Nami nimepanda langu. Nimeziba nilipoona.
Nimeshuka, nimefungua debe,
nikafuta chembe za mtama kwenye ile karatasi.

Sahani ya ugali iko mkekani.
Bakuli la mlenda liko juu ya kitu cha waridi
kinachochungulia kidogo ukingoni.
Nasikia miguu yake nje, anajikung'uta pumba.
Ana njaa.
Ataliinua.